Kibuyu cha Njugu Mawe

Mwezi uliopita nilikwenda Singida mjini kumsalimia mtoto wa kaka yangu. Asubuhi ya pili, nikiwa nimekaa nje naota jua, aliniletea ungo wa njugu mawe akaniomba nimsaidie kuchambua. "Nimenunua sokoni, shangazi, zina vijiwe vingi," akasema, kisha akarudi jikoni kwake.

Niliuweka ungo mapajani, nikachambua. Njugu huku, vijiwe kule. Ni kazi ya mtoto, ila mikono yangu ilikuwa mizito kama ya mgonjwa. Mchana zilipoiva, zikaungwa kwa kitunguu na mafuta ya alizeti, nilimwambia mwenyeji wangu kwamba njugu mawe zinaniumiza tumbo. Akasikitika, akanikaangia yai.

Tumbo langu halina shida yoyote. Uongo huo nimeusema kwa zaidi ya miaka hamsini, kwa mume wangu, kwa wanangu, kwa wenzangu wa shuleni nilikofundisha. Leo nataka nikueleze wewe ukweli wake, maana umri huu nilio nao haunipi tena sababu ya kuuficha.

Nililelewa na bibi, mama yake baba, kwenye mji wetu mdogo, kama tunavyoita boma la familia moja, upande wa Issuna. Baba na mama walikuwa Tanga kwenye mashamba ya mkonge, na kaka yangu alizaliwa hukohuko. Tulikuwa wawili tu katika nyumba ya tembe yenye paa bapa la udongo. Paa lile ndilo lilikuwa ghala letu la nje. Baada ya mvua bibi alipanda juu kwa ngazi ya mti, akaanika majani ya kunde, vipande vya maboga na mlenda. Mlenda ukikauka aliupondaponda ukawa unga wa kijani uliokolea, akauhifadhi kwenye chungu. Wakati wa kiangazi, mashamba yakiwa meupe na upepo ukipuliza vumbi siku nzima, vijiko viwili vya unga ule, magadi kidogo na karanga za kutwanga vilitosha kuteremshia ugali wa uwele. Nilikuwa na tabia ya kufunua chungu kila mara nione umefikia wapi. Bibi alisema mlenda ukichunguliwa sana unakasirika. Mpaka leo nikipika mlenda naogopa kufunua.

Msimu niliopenda kuliko yote ulikuwa ule wa kung'oa njugu mawe. Tulizichemsha zikiwa mbichi na maganda yake, tukatia chumvi, tukakaa chini kuzunguka sinia tukizipasua kwa meno. Maji yake yenye chumvi yalitutiririka mpaka kwenye viwiko. Bibi alikula taratibu, akitenga zile kubwa zenye doa jeusi kwenye jicho. Hizo aliziacha kwa mbegu. Alizikausha, akazichanganya na majivu, akazitia kwenye kibuyu cha shingo ndefu, akaziba mdomo kwa gunzi na kupaka mavi ya ng'ombe juu yake. Kisha alikitundika kwenye boriti ya chumba cha ndani, juu ya jiko, moshi uzilinde na fukusi. Mara mojamoja alikiteremsha, akakitikisa karibu na sikio, akasikiliza, akakirudisha. Kibuyu kikilia vizuri alitabasamu peke yake.

Ng'ambo ya shamba letu aliishi jirani. Alikuwa mjane, mdogo kwa bibi kwa miaka mingi, na mtoto wake mmoja wa kike alikuwa ameolewa mbali. Yeye mwenyewe aliolewa kutoka upande wa Sepuka, na mume alipofariki ndugu zake walitaka arudi, akakataa. Alisema ameshazoea kusikia mchi wa bibi asubuhi. Na kweli walikuwa wakisikilizana. Mchi wa kwake ukianza kutwanga, bibi naye aliinuka. Walilima pamoja, leo kwake kesho kwetu, wakachota maji pamoja kwenye visima vya mchanga mtoni. Moto ulipozimika upande mmoja, mtu alivuka shamba na kigae cha chungu akachukua makaa upande wa pili. Mimi ndiye niliyebeba kigae mara nyingi. Nilimwita mama, naye aliniita mama pia, kama tunavyowaita watoto wa kike kwetu.

Kisha ukaja mwaka wa njaa. Mvua zilikatika mtama ukiwa umefika magotini. Ng'ombe wetu wawili walibaki mmoja, kisha hakuna, tukabaki na mbuzi. Ulipofika wakati wa kungoja mvua nyingine, tulikula mara moja kwa siku, na siku nyingine chakula chenyewe kilikuwa uji mwembamba uliopikwa kwa unga wa njano wa msaada, ambao watu waliupangia foleni tangu alfajiri. Mlenda tuliupika bila karanga. Bibi alikuwa akinitazama nikila, na yeye akisema ameshiba.

Katikati ya hali hiyo ikaja habari kwamba shangazi yangu, aliyeolewa Kiomboi, amejifungua kwa taabu na amelazwa. Bibi hakusita. Alifunga kanga zake mbili, akaenda kwa jirani, akamwambia, "Mdogo wangu, nakuachia mtoto na nyumba. Kula yako ndiyo kula yake."

"Nenda dada," jirani akamjibu. "Hatalala njaa nikiwepo."

Bibi alikaa Kiomboi majuma matatu. Jirani alihamia kwetu, akalala na mimi kitanda kimoja cha ngozi, akanipikia alichokuwa nacho. Nakumbuka jinsi alivyomega ugali. Alimega tonge lake, akalikata katikati kwa kidole gumba, nusu akaisukuma upande wangu. Alifanya hivyo kila siku. Ninakueleza hili ili usije ukadhani nilisukumwa na njaa kuliko watu wengine. Katika eneo lile mimi ndiye niliyekula vizuri kuliko wote.

Kila siku baada ya shule nilikwenda kuchunga mbuzi. Siku moja, jirani akiwa mtoni, nilipanda juu ya kinu nikakiteremsha kibuyu. Nilitoa gunzi, nikajimwagia konzi mbili, nikaziba tena na kupaka mavi mabichi kutoka zizi la watu wengine. Njugu zile nilizitia kwenye kopo la bati lenye maji, nikaliacha chini ya kichaka zilowe. Kesho yake nilizichemsha kwenye korongo, mahali pasipoonekana moshi, nikachochea mpaka jua likaanza kushuka, na bado zilikuwa ngumu. Nilizila hivyohivyo. Tumbo lilinijaa hewa nikashindwa kukimbilia mbuzi. Jirani alinikanda tumbo jioni ile kwa mikono yake, akidhani ni ule unga wa njano.

Nilirudia. Nilirudia mara nyingi, mpaka kibuyu kikawa chepesi na kilio chake kikabadilika. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilikwenda mtoni nikaokota vijiwe vya mviringo, vinavyolingana na njugu, nikavitia ndani, na juu yake nikarudisha njugu kidogo zilizobaki. Nilikitikisa karibu na sikio kama alivyofanya bibi. Kililia vizuri.

Bibi alirudi, amekonda lakini ana furaha, shangazi amepona. Alikishika kibuyu siku ileile, akakitikisa, akaridhika. Siku chache baadaye mvua ya kwanza ikanyesha, ardhi ikatoa ile harufu ambayo wewe na mimi tunaijua, na asubuhi yake jirani akaja na jembe lake begani.

Waliupasua mstari wa kwanza wakiongea. Mimi nilikuwa na ungo, kazi yangu kudondosha mbegu. Bibi aling'oa gunzi, akamimina. Zilitoka njugu chache, zikifuatwa na mawe. Yalilia kwenye ungo kwa sauti ambayo sikuitegemea, kali, kama mtu anayemwaga misumari. Bibi aliendelea kumimina mpaka kibuyu kikaisha.

Jirani alianza kucheka. Alidhani bibi amekosea kibuyu. "Dada, haya ni mawe," akasema. Alipouona uso wa bibi, akanyamaza.

Bibi alichukua jiwe moja akaligeuza mkononi. Kisha akaniuliza mimi, si yeye. "Nilipokuwa Kiomboi, nani aliingia chumba cha ndani?"

Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Shuleni mwalimu alikuwa akituimbisha kwenye paredi kwamba fitina ni mwiko, nami niliimba kwa sauti ya juu kuliko wenzangu. Nilitazama chini kwenye udongo uliolowa, nikajibu, "Mama jirani aliingia kuchukua chumvi."

Ilikuwa kweli. Aliingia kuchukua chumvi, mara moja au mbili, chumvi ya kutia kwenye mboga niliyokula mimi. Hakuna neno hata moja la uongo katika jibu lile, na katika maisha yangu yote sijawahi kusema jambo baya kuliko hilo.

Jirani alinitazama. Hakunikazia macho, alinitazama tu kwa muda mfupi, halafu akamgeukia bibi. "Ni kweli, dada. Niliingia kuchukua chumvi."

Bibi aliinama, akaokota zile njugu chache moja moja kutoka kwenye mawe, akazipanda mwenyewe. Mstari haukufika hata katikati ya shamba. Jirani alilima kidogo upande wake, kisha akaweka jembe begani akaondoka.

Hawakugombana. Laiti wangegombana, huenda mtu angepayuka na ukweli ungetoka. Bibi aliacha tu. Mchi wa jirani ulianza kutwanga asubuhi, bibi akabaki amekaa hadi unyamaze, ndipo naye akaanza. Siku moja jirani alivuka shamba na kigae chake kuomba makaa. Moshi ulikuwa unatoka kwetu, kila mtu aliuona. Bibi alisimama mlangoni akasema, "Moto umezimika."

Jirani alisimama pale na kigae mkononi. "Haya, dada," akasema, akarudi. Mimi nilikuwa ndani, nimechuchumaa mbele ya moto huo uliozimika, nakoroga uji.

Watu hawakuambiwa kitu, lakini watu wana macho. Wakati wa kupura uwele, majirani wengine walipoitana, yeye hawakumwita. Alipura peke yake. Kila jioni nilijiambia kesho nitasema, na kila asubuhi niliona heri jana kuliko leo, kwa sababu jana kosa lilikuwa dogo zaidi.

Msimu huo ulipokwisha, tukatangaziwa kuhama. Wote tulitakiwa kutoka kwenye miji yetu iliyotawanyika, tukajenge kwa mistari karibu na barabara, penye shule na maji ya bomba. Vijana walikuja kutusaidia kubomoa boriti na kuzibeba. Kila familia ilioneshwa kiwanja chake, na jirani alipangiwa cha kupakana na chetu. Yeye akaomba ruhusa arudi kwa kaka yake, upande wa Sepuka, akakubaliwa.

Alikuja kuaga siku tuliyokuwa tunafunga vyungu. Bibi alikuwa ndani, akamsikia akibisha hodi, akaniashiria kwa kidevu nitoke mimi. Nikatoka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia. Alikuwa na kifurushi cha kitambaa, kimefungwa kwa kamba ya mkonge.

"Mpe bibi yako," akasema. "Ni mbegu ya njugu mawe. Ni ileile aliyonipa mimi mwaka niliofika hapa nikiwa bibi harusi, sijaichanganya na nyingine. Huko mnakokwenda apande mapema." Akaniwekea mkononi, akanishika bega kidogo, akaenda.

Nikaingia ndani. Bibi alifungua kitambaa, akazitazama zile njugu kubwa zenye doa jeusi kwenye jicho. Alizijua. Akakifunga tena. "Dhamiri imemchoma," akasema. "Amerudisha alichochukua."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, karibu naye hivi kama ulivyo wewe na mimi. Ningeweza kumkimbilia yule mama, alikuwa hajafika hata kwenye ua wake. Nikachukua chungu nikaendelea kukifunga.

Mbegu ile ilistawi kijijini. Kila mwaka tulivuna, kila mwaka bibi alichemsha sinia, na mimi nikaanza kusema njugu mawe zinaniumiza tumbo.

Miaka ilipita. Nilimaliza shule, nikachaguliwa chuo cha ualimu. Nikiwa kwenye likizo yangu ya mwisho nilimkuta bibi amekaa kivulini mwa nyumba anamenya njugu za mbegu, nikakaa nimsaidie. Sikuwa nimepanga kusema. Nilishika njugu moja, ikanijia kwamba baada ya miezi michache nitasimama mbele ya watoto wa watu nikiwafundisha adabu, na maneno yakatoka.

"Bibi, zile njugu za mwaka wa njaa nilikula mimi."

Mikono yake ilisimama. Hakuuliza zipi. Aliuliza, "Na mawe?"

"Niliyaokota mtoni."

"Peke yako?"

"Peke yangu, bibi."

Kuku walikuja wakala njugu kwenye ungo, bibi hakuwafukuza. "Na alipokuja kuaga," akasema mwishowe, "nikasema vile nilivyosema, wewe ulikuwa umesimama pale mlangoni."

"Ndiyo, bibi."

Siku hiyo hakula, wala hakunisemesha tena. Asubuhi alioga, akavaa kanga yake nzuri, akamfunga kuku miguu. "Twende," akasema. Tulitembea hadi barabarani, tukapanda lori hadi Ikungi, tukalala kwa ndugu, na kesho yake tukafika upande wa Sepuka kwa kuulizauliza.

Tulimkuta anapeta mtama, wajukuu wamemzunguka. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe. Alituona tukiingia uani, akaweka ungo chini, akatafuta kigoda. Bibi hakukalia kigoda. Alipiga magoti kwenye vumbi, yeye aliyekuwa mkubwa, mbele ya yule aliyekuwa mdogo wake.

"Inuka, dada," jirani akasema. "Unaniaibisha mbele ya watoto."

"Ni mtoto," bibi akasema. "Ni huyu mtoto, na mimi nikakudhania wewe."

"Najua ni mtoto. Nilijua siku ile shambani, nilipomtazama."

"Mbona hukusema?"

Jirani alimshika bibi mikono yote miwili ndipo akajibu. "Ningesema nini? Uliniachia mtoto nimlishe. Nilikuambia hatalala njaa. Kama alifikia kula mbegu, aibu ilikuwa yangu. Nilingoja wewe useme kwamba mdogo wako hawezi kuiba. Nilingoja mpaka siku ile uliponiambia moto umezimika."

Bibi alilia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye msiba. Na machozi yale yalikuwa haki yangu mimi kuyalia, lakini mimi nilikuwa nimesimama pembeni na kuku mkononi, macho makavu, sijui nimweke wapi.

Waliingia jikoni pamoja. Walipika yule kuku, wakasonga ugali wa uwele, mmoja ameshika sufuria na mwingine mwiko, kama watu walioachana jana. Nilipopata nafasi nilimfuata jirani uani, nikapiga magoti, nikaanza, "Mama, mimi..." Akaninyamazisha kwa mkono.

"Leo nimepata mgeni wangu," akasema. "Miaka yote hii nilikuwa namngoja huyu. Wewe una siku yako. Njoo peke yako, tukae, unieleze mwenyewe."

"Nitakuja, mama," nikamwambia. Na nilimaanisha.

Bibi alikaa kule siku tatu. Walitembeleana mara nyingine moja tu kabla bibi hajafariki, kwa sababu magoti yalishakataa safari. Mimi nilipangiwa kufundisha Tabora, nikaolewa, nikazaa. Kila likizo nilisema nitapitia Sepuka, na kila likizo kulikuwa na mtoto mgonjwa, mitihani ya kusahihisha, mvua iliyoharibu barabara. Ukitaka sababu ya kutokwenda mahali, haikosekani. Ukweli ni kwamba nilikuwa mwalimu mwenye heshima zangu, na kule kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyeweza kunitazama kama alivyonitazama shambani.

Mji wetu wa zamani sasa ni shamba la alizeti la mtu nisiyemjua. Matembe hayapo, vijana wanaezeka bati, na sidhani kuna mtu pale anayevuka shamba na kigae kuomba makaa. Watu wa rika langu tukikutana tunasema maisha ya zamani yalikuwa ya upendo. Nami huitikia kwa kichwa. Yalikuwa ya upendo kweli, na mimi ni miongoni mwa walioubomoa, nikiwa na miaka kumi na kopo la bati.

Yule mama aliishi miaka kumi na miwili baada ya safari yetu. Habari za kifo chake zilinifikia kwa barua, naye ameshazikwa. Ndipo nilipokwenda. Mjukuu wake, msichana mkubwa, alinipokea vizuri, akanionesha kaburi, na tulipokuwa tunarudi nyumbani akaniuliza kama mimi ndiye yule mwalimu.

"Mwalimu yupi?" nikamuuliza.

"Bibi alikuwa na mwalimu wake," akasema. "Kila mwalimu mpya wa kike alipoletwa shule ya hapa, alinituma nikamwangalie, nimuulize kama ni mtu wa Issuna. Nikirudi kumwambia siye, anasema haya, labda mwakani."